Nyari ya Marafa: shuka kwanza, machweo yatakukuta juu

Watu wengi wanaotoka Malindi kwenda Marafa hufika jua likikaribia kuzama, wakasimama ukingoni, wakapiga picha ya miamba myekundu, wakarudi garini. Wameiona Nyari lakini hawajaiingia. Korongo lenyewe liko chini ya miguu yao, na kulitembea huchukua kama saa moja tu kwa mtu wa mwendo wa wastani. Nimeandika haya ili nikufikishe chini, nikutembeze, kisha nikurudishe juu mapema kiasi cha kuyapata machweo ukiwa umekaa na pumzi imetulia. Ukikosea saa, utapata moja kati ya mambo mawili: joto la mchana linalotokea pande zote, au giza likukute bado unatafuta njia ya kupandia.

Wagiriama wanapaita Nyari. Kwenye mabango na ramani za simu utakuta pameandikwa Hell's Kitchen au Marafa, kwa hiyo yajue majina yote matatu unapouliza njia. Pako katika eneo la Magarini, kaunti ya Kilifi, kati ya kilomita 35 na 40 kwa barabara kutoka Malindi mjini, kutegemea unakopitia.

Na kama ulikuwa unatafuta korongo lenye kuvu la kijani na maporomoko ya maji mwishoni, nikuambie mapema usije ukavunjika moyo: hapa hakuna. Kwa sisi wa pwani, maporomoko ya kuyaendea kwa miguu ni ya Sheldrick, ndani ya hifadhi ya Shimba Hills kule Kwale. Yana urefu wa mita 21 hivi, na utatembea kilomita kama mbili kuyafikia ukiwa na askari wa wanyamapori. Safari ile ina siku yake. Nyari ni korongo kavu. Lakini ni maji yaliyolichonga, na ukishaelewa yalivyofanya kazi utayaona kila mahali ingawa hakuna tone.

Chagua msimu, halafu chagua saa

Masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na huku kwetu Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Msimu huo usiende. Mwamba wa Nyari ni mchanga ulioshikamana tu, haukuiva ukawa jiwe gumu. Ukilowa huteleza, hulegea, na vipande hudondoka kutoka juu bila onyo. Hata kama mvua ilinyesha jana tu na leo jua limewaka, ahirisha siku moja au mbili. Vuli ya Oktoba na Novemba ni nyepesi zaidi, lakini kanuni ni ileile: tazama mvua ya siku mbili zilizopita, usitazame mbingu ya asubuhi pekee.

Miezi ninayoipenda ni Agosti na Septemba. Kusi bado inavuma, hewa ina ubaridi kidogo, na vumbi halijawa jingi. Januari na Februari ni kavu kabisa na anga huwa safi kwa picha, ila joto la kaskazi ni kali. Ukienda wakati huo ongeza maji na punguza haraka.

Sasa saa. Hapa Malindi jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni, mwaka mzima. Hesabu kurudi nyuma. Unataka uwe umeketi ukingoni saa kumi na mbili kasoro robo. Kwa hiyo uwe umeanza kupanda kutoka chini saa kumi na moja na robo. Kwa hiyo uwe umeshuka saa kumi. Kwa hiyo uwe langoni saa tisa na nusu, ili upate muda wa kulipa, kusalimiana na kusikiliza maelezo. Kwa hiyo Malindi uondoke saa nane mchana. Ukiondoka saa tisa kwa kuwa chakula kimechelewa, utajikuta unachagua kati ya kutembea na kutazama machweo, na wengi huchagua machweo.

Kwa nini saa kumi? Kabla ya hapo jua liko juu mno, linaingia hadi sakafuni, na kuta nyeupe zinalirudisha usoni kwako. Upepo wa bahari unapita juu ya ukingo lakini chini haufiki. Mtu aliyezoea joto la Malindi, lenye upepo, hudhani analijua joto; joto la kule chini ni jingine. Kuanzia saa kumi jua limeshainama, kuta za upande wa magharibi zinaanza kutupa kivuli sakafuni, huku zile za mashariki zikiendelea kupigwa na mwanga. Unatembea kivulini ukitazama rangi zilizo juani. Ni mpangilio mzuri mno.

Njia ya pili ni alfajiri: uwe ukingoni kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ushuke saa moja, utoke kabla ya saa tatu. Wanaofunga Ramadhani hii ndiyo njia yao, kwa sababu kushuka na kupanda alasiri bila maji ni kujitesa na ni hatari. Asubuhi umetoka kula daku, mwili una nguvu, na siku yote iliyobaki utapumzika.

Vitu vya kuchukua

Viatu kwanza. Ndara ziache nyumbani, hata kama ndizo unazotembelea mwaka mzima. Mteremko una mchanga laini juu ya mwamba mgumu kidogo, na ndara huteleza hapo hapo. Raba yoyote iliyofungwa kwa kamba na yenye soli iliyochongeka inatosha. Huhitaji buti za mlimani. Kiatu kilichofunika mguu pia ni kinga dhidi ya miiba na nyoka, ambao si wa kukutana nao kila siku lakini nyika ni kwao.

Maji lita moja na nusu hadi mbili kwa kila mtu, watoto pamoja. Beba yako kutoka mjini, usitegemee kuyanunua huko. Dafu la njiani ni zuri, nalo linarudisha chumvi mwilini, lakini dafu ulilokunywa Mambrui saa nane halitakusaidia saa kumi na moja. Ongeza kitu cha chumvichumvi: karanga au krisps za mihogo, pamoja na mahamri yaliyobaki asubuhi.

Kofia, au leso ya kujifunika kichwa na mabega. Leso ni bora kuliko kofia kwa sababu ina kazi nyingi: utaikalia ukingoni, utajifutia jasho, utaifunga puani upepo ukipeperusha vumbi, na mwenye kuswali atapata pa kuswalia magharibi. Tochi ndogo, kwa kuwa huku giza huingia haraka jua likishazama, na tochi ya simu utaihitaji wakati chaji imeshakwisha kwa picha. Pesa taslimu za kiasi, hata kama una M-Pesa, kwa sababu mtandao hauna ahadi. Nguo za heshima. Unapita katikati ya kijiji cha watu, si ufukweni.

Mwenye droni asiibebe kwa kujaribu bahati. Nchini Kenya chombo hicho kinataka usajili na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na juu ya hapo uwaombe ruhusa wenye mahali.

Safari kutoka Malindi

Toka mjini kwa barabara ya Garsen. Muda mfupi tu baadaye unavuka daraja la Sabaki. Punguza mwendo, mtazame mto. Maji yale mekundu ya udongo yametoka mbali: ni mto Athi uleule unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, ukaitwa Galana ukipita Tsavo, ukafika kwetu ukiwa Sabaki. Ndio unaoifanya bahari ya Malindi igeuke rangi ya chai msimu wa mafuriko. Nakuambia utazame kwa sababu huo udongo ulio majini na korongo unalolikimbilia ni habari moja: ardhi iliyochukuliwa na maji. Kwenye mto unaiona ikisafiri, Marafa utaona pengo lililobaki.

Ukivuka daraja uko ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, na hilo lina uzito wake kwa wenyeji. Mwaka 1914, katika vita vya Wagiriama dhidi ya serikali ya kikoloni, Waingereza waliwaamuru Wagiriama waliokuwa upande huu wa mto wahame waache mashamba yao. Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha watu wake mwaka 1913 wakatae kutozwa kodi na kutolewa vijana wa kazi za lazima, amezikwa Bungale, humu humu Magarini. Ukiwa na kiongozi mtu mzima huko Marafa na ukamuuliza habari hizo kwa adabu, matembezi yako yatakuwa na maana zaidi ya picha.

Baada ya daraja, njia ya Marafa inaiacha lami ya Garsen na kuingia kushoto, upande wa bara, kupitia Marikebuni. Uliza kila unapotia shaka. Sema tu "Marafa, Nyari" na utaelekezwa. Kadiri unavyoacha pwani, minazi inapungua, mikorosho na miembe inaongezeka, na udongo unageuka kutoka mchanga mweupe kuwa mwekundu. Gari dogo la kawaida hufika wakati wa kiangazi. Baada ya mvua ulizia hali ya barabara kwa madereva wa Malindi kabla ya kuondoka, kwani wao wamepita jana.

Asiye na gari ana matatu za Marafa kutoka Malindi, lakini hizo si nyingi na hupangwa kwa mahitaji ya wanakijiji: zinaleta watu mjini asubuhi na kuwarudisha. Kwa hiyo matatu na machweo havipatani vizuri. Ukienda kwa matatu, ulizia stendi saa ya gari la mwisho la kurudi kabla hujapanda la kwenda, au panga kutembea asubuhi. Watu watatu au wanne wakichanga wakakodi gari la nusu siku, na dereva akakubali kwa maneno yaliyo wazi kwamba mtarudi baada ya magharibi, wanapata safari tulivu zaidi. Bodaboda kutoka Malindi hadi Marafa na kurudi usiku, sikushauri. Ni mbali, vumbi ni jingi, na kofia ya abiria mara nyingi haipo.

Wanaotoka Lamu wakishuka kwa basi la Mokowe watapita Gongoni na Mambrui kabla ya kufika Malindi, na wengine hushawishika washuke hapo hapo wakodi pikipiki ya kwenda bara. Mwenye mizigo asifanye hivyo. Fika Malindi, lala, uende kesho yake ukiwa mwepesi.

Langoni

Marafa yenyewe ni kijiji, na korongo liko pembeni mwake. Kiingilio kinasimamiwa na watu wa hapo, na ndio hao wanaotoa viongozi. Uliza bei ya mwananchi, lipa, omba risiti, na ukubaliane malipo ya kiongozi kabla hamjaanza kutembea na wala si baada yake. Ni vizuri kumlipa vizuri. Korongo hili linapanuka kuelekea kwenye ardhi ya watu hawa. Wao ndio wanaopoteza, na ada ya mgeni ni mojawapo ya vichache wanavyopata kutoka kwalo.

Usishuke bila kiongozi, hata kama umewahi kufika. Njia za chini hubadilika kila baada ya mvua. Kilichokuwa kipito mwaka jana kinaweza kuwa kimefunikwa na udongo ulioporomoka, na ni yule aliyeshuka wiki hii anayejua.

Watoto watakufuata. Salimianeni, ongeeni. Usigawe peremende wala shilingi. Mtoto akizoea kupata pesa langoni, darasani hataonekana. Ukitaka kusaidia, nunua kitu kwa mzazi wake anayeuza kando ya njia. Na ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe kwanza.

Tazama kutoka juu kabla ya kushuka

Kiongozi atakupeleka ukingoni. Simama nyuma, hatua tatu hivi kutoka mwisho wa ardhi. Hili nalisema kwa mkazo: ukingo unaoonekana imara huenda umeliwa chini, umebaki ganda. Maji hula mguu wa ukuta kwanza, kisha sehemu ya juu inaning'inia hadi siku yake. Mtoto ashikwe mkono. Picha ya miguu inayoning'inia juu ya korongo haina thamani ya roho ya mtu.

Hapo juu ndipo mahali pa kusikiliza hadithi, na usimkatize anayesimulia. Zipo zaidi ya moja. Iliyo maarufu ni ya ukoo tajiri uliokuwa na ng'ombe wengi kupita kiasi. Maziwa yalikuwa mengi hata wakawa wanayaogea, huku majirani wakilala njaa, na wala hawakuona haja ya kugawa. Mungu akakasirika, ardhi ikafunguka ikawameza wao na mali yao. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Nyingine inasema watu walionywa wahame kwa sababu muujiza unakuja, wote wakaondoka isipokuwa bibi mmoja aliyekataa kuamini. Usiku ardhi ikazama naye. Kila msimulizi ana namna yake, na ukimuuliza kiongozi wako alivyoisikia kwa bibi yake utapata kitu ambacho hakimo katika mwongozo wowote.

Ukiwa hapo juu, jifunze ramani kwa macho. Muulize kiongozi: tunashukia wapi, tunapandia wapi, na ile minara mikubwa tutaipita upande gani? Chagua alama moja kubwa juu ya ukingo, mti au paa, utakayoweza kuiona ukiwa chini. Sakafuni kuna vijia vingi vinavyofanana, na mtu aliyeipata alama yake mapema hapotezi mwelekeo.

Kushuka

Mteremko ni mkali mwanzoni lakini si mrefu. Kina cha korongo ni kama mita 30. Weka mkoba mgongoni ili mikono yote miwili iwe huru. Simu mfukoni. Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na utangulize kisigino kwenye mchanga laini ili kijichimbie. Mkiwa kundi, acheni nafasi ya hatua kadhaa kati ya mtu na mtu, aliye mbele akiteleza asimwangushe mwenzake na aliye nyuma akiteleza asiwaangukie wote.

Usishike ukuta kujizuia. Hili ndilo kosa la kwanza la mgeni: mkono unatafuta jiwe, jiwe linamegeka, na mtu anaanguka akiwa na konzi ya mchanga. Ukihisi unateleza, keti. Makalio yakichafuka yatafuliwa.

Wazee wenye magoti mabovu, wajawazito na watoto wadogo sana wabaki juu kivulini. Hawatakosa kila kitu, kwani machweo yote ni yao.

Sakafuni

Ukifika chini, simama dakika mbili kabla ya kutembea. Macho yanahitaji kuzoea, na kuna mengi ya kusoma ukutani.

Anza na tabaka. Utaona mistari ya rangi iliyolala, nyeupe, ya maziwa, ya waridi, ya chungwa, nyekundu iliyokolea. Kila tabaka ni mchanga na udongo uliotandazwa zamani sana, mmoja juu ya mwingine. Wanajiolojia huuita mchanga huu wa eneo letu kwa jina la Magarini, nao ni wa mamilioni ya miaka. Wekundu ni chuma: madini ya chuma yaliyomo mchangani yalikutana na hewa na maji yakashika kutu. Palipo na chuma kingi pamekolea, palipo na kidogo pamepauka. Kwa hiyo ukiona mstari mweupe umebanwa katikati ya miwili myekundu, unaona vipindi vitatu tofauti vya ardhi hii.

Kisha tazama maumbo. Minara, mabonde membamba, ngazi zisizo na mjenzi. Haya yote ni kazi ya mvua, ikisaidiwa na upepo. Tone linapiga mchanga uliolegea, linachukua chembe chache. Matone yakikutana yanakuwa mchirizi, mchirizi unakata mfereji, mfereji unazidi kuingia ndani kila msimu na kurudi nyuma kuelekea ukingoni. Palipo na tabaka gumu juu, kama kofia, sehemu ya chini yake inalindwa, na majirani wake wakiondoka inabaki imesimama peke yake. Huo ndio mnara. Tafuta mmoja ambao kofia yake bado ipo, halafu tafuta mwingine uliokwisha kuipoteza: huo wa pili utakuwa na kilele cha mviringo, unaisha polepole. Kuta hizi zinaendelea kuliwa. Korongo utakalotembea leo si lile alilolitembea baba yako.

Sasa angalia unapokanyaga. Sakafu ina njia ya maji, mkondo mkavu wenye mchanga uliosafishwa na changarawe. Tembea humo. Ndiko kunakotembeleka vizuri, na ndiko mguu wako hauharibu kitu, kwa sababu mvua ijayo itapanga mchanga ule upya. Usipande migongo ya miamba kupiga picha. Nyayo moja juu ya mgongo mwembamba inavunja ganda gumu la juu, na hapo ndipo tone la mvua litakapoanzia. Tumeona vijana wakipanda minara kana kwamba ni vitu vya kuchezea, na kuandika majina yao ukutani kwa kisu. Inaniuma sana. Kitu kilichochongwa kwa muda mrefu hivyo mtu anakimega kwa sekunde tano ili watu wapende picha yake.

Nenda taratibu kutoka sehemu pana kuelekea zile nyembamba, ukimfuata kiongozi. Katika vipito vyembamba utahisi hewa imebadilika, imetulia kabisa. Kunywa maji hapo, hata kama huna kiu. Mafunda machache kila dakika kumi ni bora kuliko chupa nzima mara moja. Mtu akilalamika kizunguzungu, kichwa kuuma, au akiacha kutoka jasho ilhali joto lipo, matembezi yamekwisha. Mketisheni kivulini, mlegezeeni nguo, mloweshe leso mumpanguse shingo na makwapa, anywe kidogo kidogo, kisha mrudi juu kwa njia fupi. Akianza kuchanganyikiwa maneno, hilo si la kungoja, apelekwe kituo cha afya.

Nyoka naye, kwa ufupi. Usitie mkono kwenye tundu wala nyufa, usikalie jiwe bila kulitazama. Aliyeumwa asichanjwe kwa wembe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, mguu usitembezwe, abebwe, apelekwe hospitali.

Wingu jeusi likijitokeza ukiwa chini, usijadili. Geuka, toka. Usijikinge mvua chini ya ukuta unaoning'inia, kwa sababu huo ndio unaoanguka kwanza, na mkondo mkavu unaoutembea ndio njia ya maji kutoka pande zote.

Kwa picha, shauri langu ni moja: weka mtu kwenye picha, mbali kidogo, mdogo. Bila mtu, hakuna atakayejua kama ukuta ule una urefu wa mita tatu au ishirini. Na elekeza kamera kwenye kuta za mashariki, zile zenye jua, kutoka kwenye kivuli.

Kupanda, kisha kukaa

Saa kumi na moja na robo, anza kupanda hata kama bado una hamu. Kupanda ni kugumu kuliko kushuka na miguu imeshachoka. Hatua fupi tena, nyayo yote ichukue uzito na siyo vidole tu, na pumzika pale kiongozi anapopumzika. Atakayebaki nyuma asiachwe.

Juu, tandika leso mahali aliposema kiongozi, si mbele yake. Jua likishuka, mwanga wake unapita katika hewa nene zaidi, rangi za buluu zinatawanyika njiani, zinazofika ni nyekundu na chungwa. Zinakutana na kutu ya chuma ukutani. Ndiyo maana mwamba uliouona wa waridi saa kumi unawaka sasa. Inabadilika kila dakika chache, na sasa unaijua kila kona unayoitazama kwa sababu ulipita hapo. Aliyekuja kwa machweo tu hawezi kupata hilo.

Wenye kuswali hupata nafasi hapo hapo, mbali na ukingo. Wasiosali wakusanye taka: chupa zote zirudi Malindi, na za wengine mtakazoziona pia.

Kurudi

Muage kiongozi, mlipe salio, mshukuru. Kama mmeridhika mwombeni namba yake mumpe mwenzenu atakayekuja, baada ya yeye mwenyewe kukubali.

Barabara ya usiku ina mbuzi, baiskeli zisizo taa, na watu wanaotembea kwa makundi kutoka dukani. Dereva aende polepole hadi lami. Mkikuta matunda ya msimu yanauzwa kando ya njia mkiwa mnakuja mchana, nunueni saa ile ile. Usiku wauzaji wamekwisha funga.

Kabla ya kuingia garini kung'uteni viatu na suruali. Vumbi la Nyari ni kutu, linashika. Nyumbani loweka nguo hizo peke yake katika maji baridi usiku kucha, suuza mara mbili kabla ya kutia sabuni, na usizichanganye na kanzu nyeupe wala shuka za mtu.